Kamisheni ya Mume

Siku Mama Sufi alipomkuta mumewe amejilaza mchana kweupe kwenye mto wa Dada Sponji, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Asilimia kumi na mbili," mumewe akasema kabla hajaulizwa. "Wewe unanipa nane, mke wangu. Na unanijua, siwezi kusifia mto nisioulalia. Hiyo ni heshima ya kazi."

Tuelewane kwanza. Mama Sufi alikuwa anauza mito mtandaoni, mito ya sufi aliyoijaza na kuishona mwenyewe sebuleni, na kila aliyesambaza linki ya duka lake akaleta mnunuzi alipata kamisheni. Mumewe ndiye alikuwa kinara wa wapiga debe wake. Alikuwa na sauti nzito ya kumsinzisha mtu, na akipiga miayo kwenye video yake fupi, mito ishirini imeondoka. Lakini kilichomchoma Mama Sufi si mauzo, tuseme ukweli. Ni kwamba mtu aliyelalia mto wake miaka kumi na tisa amehamia kwa Dada Sponji, mpinzani wake wa mtandaoni, kwa tofauti ya asilimia nne.

Jioni hiyohiyo alifungua ukurasa wa duka, akafuta nane, akaandika kumi na tano. Kufumba na kufumbua mume amerudi kwenye sufi, anaukumbatia mto mbele ya kamera na kuuita kipenzi. Asubuhi Dada Sponji akapanda hadi ishirini. Mume akahama. Mama Sufi akaweka ishirini na tano, mume akarejea na kuomba radhi kwa maneno matamu ambayo mwishoni yalikuwa na linki.

Wakapandishiana hivyo wiki tatu, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana. Ilipofika arobaini, Mama Sufi alikuwa hapati hata hela ya uzi. Ilipofika sitini, mtaa mzima ulikuwa umejisajili. Kinyozi alikuwa anasimamisha wembe katikati ya kidevu cha mteja ili amweleze habari za usingizi. Mama mkwe, ambaye miaka yote hajawahi kumsifia mkwewe hata chumvi, alikwenda msibani, akasimama mbele ya waombolezaji na kusema kwamba marehemu amelala, sawa, lakini hajalala vizuri.

"Mama, hata msibani?" Mama Sufi akamuuliza.

"Asilimia sitini, mwanangu. Marehemu mwenyewe angenielewa."

Tatizo ni kwamba kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyenunua. Walitumiana linki wao kwa wao tangu alfajiri, kila mmoja akimsubiri mwenzake aingie mkenge. Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mama Sufi akimuuliza mumewe ameamkaje, anajibiwa, "Nimeamka mpya, siri ni mto huu, imebaki michache." Akimwambia anampenda, anaombwa aweke nyota tano. Siku kamisheni ilipogonga sabini aliketi jikoni akalia, maana hakujua tena kama mumewe ana mapenzi au ana mkataba.

Alipomaliza kulia akapenga kamasi, akafungua ukurasa, akaweka sifuri.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. "Mwanangu, umeibiwa simu?" Ya pili ilikuwa ya kinyozi, ambaye alihema tu kwa uchungu. Kabla ya saa sita mchana wapiga debe wote, mia tatu na kitu, walikuwa wamehamia kwa Dada Sponji. Mama Sufi akaingia chumbani. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mto mmoja kwenye kila paja.

"Upi mzuri?" akamuuliza.

"Unalipa ngapi?"

"Silipi."

Mume alimtazama kama mtu aliyesahau namba ya siri ya benki. "Ule wa Dada Sponji unanuka mpira," akasema taratibu, "na unachoma masikio." Akaugeukia ule mwingine. "Wako una madonge. Shingo inaniuma tangu tulipooana."

"Miaka kumi na tisa, hukuniambia?"

"Mwanzoni niliona haya. Baadaye ukawa unanilipa."

Mama Sufi alisikia furaha inampanda kifuani, nyingi kiasi cha kumtia aibu. Alikaa kando yake, akauchukua mto wake, akakata mshono kwa meno, akaanza kuchambua madonge moja moja.

"Inauma wapi hasa?"

"Hapa, kushoto," mume akasema, akaushika mkono wake uliojaa sufi, akaupeleka shingoni.