Kazi ya Mwaka Mzima

Mwaka ule mikarafuu ya Mtambile ilikataa kuzaa. Majani yalikuwa mabichi, mazuri ya kutazama, lakini ukiinua macho huoni hata kishada cha kukutia tamaa. Kazija binti Silima alizunguka shamba zima asubuhi, akarudi na pakacha tupu, akalitupa nyuma ya mlango.

"Hamna kitu?" mama yake, Bi Mwatima, akamuuliza.

"Hamna, mama. Labda mwaka huu tuchambue majani."

Kazija alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisoma skuli ya wasichana Chake Chake mpaka darasa la sita, tena alisoma vyema, kisha akaja mchumba mwenye heshima zake na marehemu baba yake akaona ndoa ni bora. Ndoa haikujaaliwa mtoto, na baada ya miaka kadhaa wakaachana bila ya kelele. Tangu arudi kwa mama yake alifanya kazi iliyofanywa na wanawake wote wa pale: kuchuma matawi ya chini, kisha kukaa jamvini kuchambua, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Zilikuwa wiki chache za msimu. Zikisha, kila mtu hurudi kwenye muhogo wake, na mwaka uliobaki huwa mrefu.

Kwenye jamvi hilo alikaa na shoga yake Tatu, ambaye hakupata kukanyaga skuli. Walifanya kazi sawa, wakaanza siku moja na kumaliza siku moja. Hilo lilianza kumkera Kazija.

"Hebu niambie, shoga," alisema. "Miye nimesoma, weye hukusoma, na sote tumekaa bure. Basi miye nilisoma nini?"

Tatu akacheka. "Miye nimekaa bure bila ya kuchapwa na mwalimu. Nimekushinda!"

Kazija naye akacheka, lakini swali halikumtoka.

Siku ya Idi alikuja mdogo wake, Nassor, na kanzu yake imenyooka. Yeye aliendelea mpaka darasa la nane, na sasa alikuwa karani katika ofisi ya serikali huko Wete. Karafuu zizae zisizae, Nassor aliamka akaenda kazini. Walipokwisha kula, Kazija akamvuta ukumbini.

"Nassor, mwanamke aliyesoma anapata kazi gani siku hizi?"

"Ualimu. Skuli za wasichana zinafunguliwa mashamba, na walimu wanawake hawapatikani. Lakini wanataka darasa la nane, dada. La sita linakufikisha mlangoni tu."

"Basi nitarudi nikamalize."

Nassor akadhani anamfanyia mzaha. Alipoona uso wake, akashusha sauti. "Utakaa na watoto wa miaka kumi na mitatu? Mtu mzima uliyepata kuolewa? Watu watatucheka."

"Weye ulipofika la sita ulipewa kitabu cha la saba. Miye nilipewa mume. Sikulalamika, na leo silalamiki. Nataka changu kilichobaki tu."

Bi Mwatima, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, ndiye aliyejibu. "Wacha wacheke. Wakati tunakaa njaa hapa, sikumwona aliyekuja kulia nasi."

Wiki iliyofuata Kazija alipanda gari la shamba, akakaa juu ya magunia ya ndizi kutoka Kengeja, akateremka Chake Chake na kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, Bi Mwatum, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Hatujapata kupokea mwanafunzi aliyepata kuolewa," Bi Mwatum alisema.

"Basi, mwalimu, nijaribu. Hapa hapa."

Bi Mwatum akampa kitabu. Kazija alisoma ukurasa mzima bila ya kukwama, akaandika insha fupi kwa mwandiko safi. Kisha ikaja hesabu, na hapo akazama. Hesabu za sehemu, zile nusu na robo na thuluthi, zilikuwa zimemtoka zote, utadhani hakupata kufunzwa. Aliitazama ile karatasi, akaiweka chini.

"Zimenitoka, mwalimu. Lakini zilikuwamo, na zitarudi."

Bi Mwatum akamkazia macho. "La saba hutoweza. Nitakuweka la sita tena. Utaridhika?"

Moyo ulimwuma kidogo, maana hilo lilikuwa kumwongezea mwaka mzima. "Niweke popote penye nafasi ya kukaa."

Akahamia Tibirinzi kwa shangazi yake. Siku ya kwanza alipoingia darasani na buibui lake, wasichana wote wakasimama wakidhani ni mwalimu mpya. "Shikamoo, mwalimu!" wakasema kwa pamoja. Kazija akapita katikati yao, akakaa nyuma kabisa, magoti yakigonga dawati. Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka nje, na yeye alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Kazija. Wakampa hesabu, akawapa insha. Sehemu zikarudi, moja baada ya nyengine.

Jaribu lenyewe lilikuja alipokuwa darasa la saba. Mikarafuu ilizaa mwaka huo mpaka matawi yakainama. Pemba yote ilinukia karafuu; barabara zilitandikwa majamvi ya kuanikia, na wachumaji walikuja mpaka kutoka Unguja. Tatu alifika Tibirinzi na kanga mpya, uso unang'ara.

"Yakhe, unafanya nini humu? Njoo tuchume! Wiki hizi haziji tena upesi. Mama yako paa linavuja."

Hilo la paa lilimchoma. Tatu alipoondoka, Kazija alikaa na kitabu mapajani bila ya kufungua. Alijua msimu unalipa, na alijua unakwisha. Ijumaa, skuli ikiwa imefungwa, alikwenda Mtambile, akachuma kutwa na mama yake mpaka mikono ikawa myeusi. Aliendelea hivyo kila Ijumaa mpaka msimu ukaisha, na Jumamosi asubuhi alikuwa darasani, vidole vinanuka karafuu. Makuti mapya yakapatikana, ingawa si nyumba nzima. Upande wa jikoni ulivuja mwaka mwengine.

Alipomaliza la nane, matokeo yake hayakuwa ya kwanza wala ya pili, lakini yalitosha. Mapema mwaka 1962 aliajiriwa mwalimu msaidizi katika skuli mpya ya wasichana upande wa Kengeja, akarudi kukaa kwa mama yake. Watu wa vijiji vile walikuwa wamegombana kwa ajili ya vyama vya siasa, wengine hata salamu wamekatiana. Kazija akawapokea watoto wao wote kwenye mkeka mmoja.

Kisha ikaingia masika. Mvua ilishika tangu alfajiri, njia ikawa tope, na wanawake wa Mtambile walikuwa ndani, hawana la kuchuma wala la kuchambua. Bi Mwatima alimkuta mwanawe mlangoni, viatu mkononi, buibui limekunjwa.

"Na mvua hii unakwenda?"

"Nakwenda, mama. Watoto wanakuja."

Barabarani, chini ya jani la mgomba, alisimama Tatu na binti yake mdogo, wote wamerowa.

"Nimekuletea huyu," Tatu alisema. "Mpaka la nane, Kazija. Usinirudishie wa la sita."

"Akitaka kuzidi la nane?"

Tatu akajipangusa maji usoni. "Mwache azidi. Gari hilo linakuja, pandeni."

Kazija akamshika mtoto mkono, wakapanda.