Jasusi Asiye na Wazee

Uvumi ulikataa kunitoka akilini: ati Kheri, mhudumu wa hoteli kule Diani, amemwambia binti yangu Warda kuwa yeye ni jasusi, na atamtorosha kupitia Vanga, mpakani na Tanzania.

Kheri alikuwa amemwazima Warda kaseti ya video ya majasusi wapendanao. Nikaiweka kwenye deki ya jirani, tukaitazama mimi na Warda. “Nitafsirie Kizungu hicho, mwanangu.”

“Anasema, ‘Kazi yangu ni ya siri. Usimwambie mama yako. Tutavuka mpaka…’” Warda akaangua kilio. Ndiyo maneno yale yale aliyoambiwa na Kheri.

Kheri alipoijia kaseti, nilimzibia mlango. “Jasusi wee, hata wazee wako ni siri? Walete na barua ya posa!”

Hajarudi.

Mabinti, epukeni haya:
Mchumba asiyeleta wazee.
Siri ya kumficha mama.
Safari ya mpakani kabla ya ndoa.
Maneno matamu ya kukariri.