Taa za Kona ya La Source

Ukiona madereva wawili wa gari moja wamekumbatiana mbele ya kamera, usidanganyike. Sisi wa mbio za magari za muda wa saa sita tunagawana kiti kimoja na jasho moja, na bado tunatazamana kwa jicho la mke mwenza. Na kama hiyo haitoshi, ipo kazi ambayo hakuna anayeikwepa: anayetoka garini ndiye anayemfunga mikanda anayeingia. Mwenyewe hawezi. Kofia imembana, glavu ni nene, na kile kiti hakina hata nafasi ya kugeuza kiwiko. Basi hata kama mmenuniana tangu asubuhi, utainama juu yake, utavuta mkanda begani mwake na kuukaza.

Mimi, Ludivine Gohy, nilimfunga Corentin Dessart msimu mzima. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwepesi kweli kwenye usukani, sitamnyima haki yake. Lakini jina la baba yake, mfadhili wetu, limeandikwa mlangoni mwa gari letu kwa herufi kubwa kuliko namba ya gari lenyewe.

Jumamosi ile tulikuwa kwenye uwanja wa mbio wa Francorchamps, yaani kwetu. Nimezaliwa hapo juu kilimani, na nilijua mngurumo wa magari kabla sijajua kusoma. Timu ya mzee Crahay ina desturi yake: mbio zikifanyika kwa mtu, yeye ndiye anayepewa zamu ya mwisho alilete gari nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa. Corentin alipewa ya mbio za Zolder mwezi wa tano, eti kwa kuwa shangazi yake anakaa karibu, na mimi sikusema neno. Nilijua yangu inakuja.

Safari hii zamu hiyo ilikuwa na uzito zaidi. Asubuhi, tukinywa kahawa, Crahay alitueleza kwamba mwakani atabaki na mmoja wetu tu, na kwamba yule atakayemaliza vizuri mbele ya wageni wa mfadhili ndiye atakayekaa. Mimi nina miaka thelathini na minane. Katika umri huo ukipoteza kiti hupati kingine, unapata kazi ya kuwafundisha matajiri kukanyaga breki.

Halafu kuna mama. Tangu nianze kukimbia hapa, mama husimama kwenye uzio wa kona ya La Source, pamba masikioni, ameshika kitambaa cha meza ya jikoni, kile chenye miraba myekundu. Kila nikipita anakipunga, na mimi namjibu kwa taa, mara mbili. Mtangazaji hamwoni na wala hana haja naye. Corentin aliwahi kunicheka kwa hilo. Aliniuliza kama mama huwa anabeba na sahani.

Saa ya tano ilipokuwa inakaribia kwisha tulikuwa tunaongoza magari ya daraja letu, na gari la njano lilikuwa nyuma yangu kidogo tu. Mpango ulikuwa niingie, nijaziwe mafuta, niendelee mpaka mwisho. Hapo ndipo sauti ya Annick, mhandisi wetu, ilipokuja redioni, imelegea kama ya mtu anayesomeshwa maneno.

"Ludivine, ingia mzunguko huu. Unampisha Corentin."

Niliuliza kwa nini. Kisha akaja Crahay mwenyewe, akasema wageni wa mzee Dessart wameshafika, tusianze mambo. Nilimkumbusha ahadi yake. Aliniambia hasira hasara. Mtu anakunyang'anya tonge mdomoni, halafu anakusomea methali!

Nilipita La Source nikiwa nimewaka. Mama alipunga. Nilipiga taa mara mbili, kisha mzunguko ukaisha nikaingia gerejini.

Crahay alikuwa ameagiza mafuta kidogo, ya kutosha kufika mwisho tu. Mafuta kidogo maana yake mpira wa mafuta unachomolewa mapema, na kubadilishana kwetu kunatakiwa kuishe kabla haujachomolewa. Nilitoka, Corentin akajitupa ndani kabla sijasimama sawasawa. Niliinama. Nilimfunga kiunoni, nikamfunga bega la kulia, nikachomeka waya wa redio. Nilipofika bega la kushoto nikaona.

Tunavaa kola ngumu inayokaa mabegani na kushikilia kichwa, gari likigonga ukuta shingo isivunjike. Mkanda lazima upite juu yake. Mkanda wa Corentin ulikuwa umeteleza, umepita kando ya kola. Aliyekaa ndani hawezi kuona na pengine hahisi kitu. Ni yule aliyeinama tu ndiye anayeona, na aliyeinama nilikuwa mimi.

Mpira wa mafuta ulichomoka. Corentin alinipiga mkono.

"Sawa, sawa! Funga mlango, dada!"

Nitasema ukweli: nilitamani kuufunga. Nilimtazama yule mtoto aliyekalia kiti changu kikiwa bado na joto langu, na nikatamani. Hakuna ambaye angejua. Lakini baada ya mteremko kuna mlima wa Raidillon, na pale nimeona watu wakitolewa garini na kufunikwa. Gari haliondoki mlango ukiwa wazi, basi niliuzuia kwa nyonga. Nikafungua kifungo, nikauinua mkanda, nikaurudisha juu ya kola mbele ya macho yake, nikaukaza mpaka akaguna. Alinitazama. Aliona nilichofanya, msije mkaniambia hakuona. Ndipo nikafunga.

Gari la njano lilipita wakati letu linatoka.

Sikuwahi hata kuvua kofia. Crahay alinijia mbele ya mafundi na wageni, uso umemwiva, akasema nimefanya kusudi. Kwamba wivu wangu wa kijinga umeitupa kazi ya watu wote. Nilimweleza habari ya mkanda. Alicheka. Fundi mmoja aliangalia viatu vyake. Mzee Dessart alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo.

"Muulize mwenyewe," nilisema. "Yuko redioni. Muulize sasa hivi, sote tusikie."

Annick aliuliza. Alimuuliza vizuri, polepole, kama mkanda wa kushoto ulikuwa kando ya kola na kama Ludivine aliurekebisha. Redio ilikwaruza. Sote tulisimama tukitazama kile kipaza sauti kidogo kilicho juu ya meza yake.

"Sijui dada anazungumzia nini," Corentin alisema. "Mikanda ilikuwa sawa."

Asante ya punda ni mateke, nilikuwa naijua methali hiyo, lakini siku ile ndiyo nilipigwa mateke yenyewe. Nilitaka kumvuta nje ya lile gari kwa ile mikanda yake. Nilikaa juu ya tairi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Mtu akivunjika shingo, watu huja kuuona mkanda. Asipovunjika, unabaki wewe na maneno yako, mwanamke mwenye kinyongo.

Saa nzima nilikaa pale. Corentin aliendesha vizuri, alimkimbiza yule wa njano mpaka mzunguko wa mwisho, na akamaliza wa pili, nyuma yake kwa muda mfupi kuliko ule nilioutumia kuuzuia mlango. Crahay alinionyesha tofauti hiyo kwenye skrini kwa kidole. Baadaye, mkono wake ukiwa begani kwa mzee Dessart, alinijulisha kwamba kiti cha mwakani ni cha Corentin. Corentin alikuwa hapo hapo, anakunywa maji. Hakuninyanyulia macho.

Nilichukua begi langu nikapanda mpaka La Source nikiwa na sare iliyoloa jasho. Niliapa nitamweleza mama yote, jina kwa jina, na kijiji kizima kisitie tena mguu kwenye mbio za Crahay.

Mama alikuwa ametoa pamba masikioni, na keki ya wali aliyoniletea ilikuwa juu ya jiwe, imefunikwa. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Wa pili si haba," alisema. "Na leo umenifurahisha. Umenipigia taa kila mzunguko, mpaka ule wa mwisho. Huo ndio umepiga mpaka nikaona aibu, watu wote wakanigeukia."

Nilisimama na begi langu.

"Si mimi, mama. Saa ya mwisho alikuwemo Corentin."

Alikikung'uta kitambaa kilichokuwa kimening'inia mkononi.

"Yule kijana wa Dessart? Yule aliyekuuliza kuhusu sahani zangu?" Akacheka. "Basi nyumbani kwao wamemlea. Umshukuru, unasikia? Wangapi siku hizi wanaweza kumkumbuka mama wa mtu?"

Kumbe Corentin alijua kuhusu mkanda. Mzunguko baada ya mzunguko alijua, na alikuwa akinilipa. Alinilipa kwa taa, kwa mama mwenye pamba masikioni, kwenye kona ambayo haionekani kutoka gerejini kwetu. Redioni, ambako neno moja lingetosha, alikuwa hajui dada anazungumzia nini.

Mama alinipa ncha mbili za kitambaa tukikunje. Nilivuta upande wangu, nikavuta tena, mpaka kikamponyoka mikononi.