Maktaba Iko Mkono wa Kushoto

Mama yangu alikuwa akisema usingizi wa baada ya alasiri si usingizi, anayeulala huamka akili imebaki nyuma, lakini mama hakuwahi kusomea mtihani wa Kiingereza, basi najilaza mkekani kando ya cherehani, spika masikioni, na simu kifuani, kwa kuwa leo ni Jumapili na Jumapili mwanangu hupiga. Mtihani ni kesho. Niliufanya nikafeli, nikaurudia nikafeli vizuri zaidi, na bila cheti chake siruhusiwi kuingia Uingereza alikotangulia mume wangu Mbaruku na binti yetu Kibibi. Kibibi aliondoka Muheza akinyonya kidole, sasa meno ya utoto yamekwisha kung'oka mbali nami. Mwanzo alinipigia kwa Kiswahili, halafu nusu kwa nusu, siku hizi ni Kiingereza kitupu, na mimi niliyemzaa namsikiliza kama ninavyosikiliza mazoezi haya, nadaka neno hapa, neno pale, mengine yananipita. Hata uso wake sijui umekuwaje, mtandao wa huku haubebi picha. Kwenye spika mwanamume anamwelekeza mwanamke njia ya maktaba, pita kipilefti, acha benki nyuma yako, maktaba iko mkono wa kushoto, na mimi nafumba macho nipate kuuona huo mkono wa kushoto, na nikiufuata kidogo tu mkeka unaisha chini ya miguu yangu na lami inaanza.

Niko kwenye kipilefti, na yule mwanamume wa mazoezi yuko mbele yangu amevaa koti. Hana uso. Pale penye uso pana ngozi tu, laini kama donge la unga lililokandwa likaachwa liumuke. Sishtuki, maana watu wa mazoezi ni sauti tupu, nani aliwahi kuwapa nyuso, ila namwonea huruma, nawaza chai anainywea wapi. Namwamkia, habari za hapa. Ananijibu, utasikia mara moja tu. Namwambia nakwenda maktaba, anatangulia, na barabara inatufuata kwa mbele, tunaacha benki nyuma, na benki inatokea tena mbele, tunaacha benki ile ile, na maktaba iko kushoto, tukigeuka kushoto maktaba imehamia kushoto nyingine. Nyumba zote ni za vioo. Katika kila kioo yumo Sikudhani, yaani mimi, ana penseli, mmoja analia, mmoja amelala juu ya karatasi, mmoja amekwisha maliza na anawatazama wenzake kwa dharau, na huyo ndiye simtambui kabisa.

Namwomba mwenyeji wangu ushauri, kwa sababu amekaa ndani ya mtihani miaka yote hii. Anautoa huku akitembea. Ukiulizwa wakati wa mapumziko hupenda kufanya nini, usiseme kulala. Sema kuogelea. Namwambia mimi maji yakinifika magotini napiga shahada. Anasema hakuna atakayekutupa majini, mtihani hautaki maisha yako, unataka sentensi. Ukipewa mchoro wa mistari, sema huu unapanda na huu unashuka, usiulize kwa nini, aliyeuliza kwa nini bado yumo humu, yule kwenye kioo cha tatu. Asubuhi usinywe uji mwingi, kibofu hakijui Kiingereza. Ukiwa huna neno, kohoa, kikohozi ni lugha ya wote, lakini usikohoe kuliko unavyosema, watakupeleka hospitali nawe utafeli huko pia. Nacheka. Yeye hacheki, hana pa kuchekea. Tena nauona mtaa ukirefuka kwa kicheko changu, na maktaba ikisogea mbali kidogo, nanyamaza.

Halafu namwuliza lile lililonitoa usingizini, au lililonitia. Je, nitafika kwa mwanangu? Anasimama. Yako majibu matatu, anasema, kama kwenye karatasi yako ya kusoma. Kweli. Si kweli. Haijasemwa. Namwambia achague moja. Anasema hachagui yeye, anayechagua ni mwenye penseli. Basi lipi sahihi? Haijasemwa, anasema, na sijui kama amenijibu au amenitajia tu la mwisho. Namwuliza basi mara zile nilifelia wapi. Hapo anainama kama mtu anayetaka kunong'ona, na sauti yake inatoka shingoni.

Uliulizwa habari za kwenu, Sikudhani, ukasema nzuri. Kwenu mtu aliyefiwa asubuhi akiulizwa habari husema nzuri, kisha ndipo husema ila. Kule hawaingoji ila.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama wa mtihani aliniambia nieleze wakati mgumu maishani mwangu, nami ningeanzaje na ugumu mbele ya mgeni, kama mtu asiyelelewa? Nikamwambia hatujambo, Mungu anasaidia, afya ipo, majirani wazuri, kazi inakwenda, na nilipovuta pumzi nifike kwenye ugumu wenyewe akaniambia asante, muda umekwisha. Akaandika. Mara ya pili niliapa nitaanza na ugumu, na mdomo ukasema nzuri wenyewe.

Maktaba imetufikia, maana sisi hatukuifikia. Ndani hakuna vitabu, kuna ujia, na mwisho wa ujia kuna chumba, meza, na msahihishaji amekaa kwenye kiti kikubwa. Miguu yake haigusi sakafu. Naye hana uso, lakini kisigino chake cha kulia kina kovu la pasi yangu ya mkaa, lile alilopata akitambaa chini ya cherehani, na nalijua kovu lile kuliko ninavyojua jina langu. Kibibi, namwita. Ananiuliza kwa Kiingereza, hujambo? Nakumbuka ushauri wote, kuogelea, uji, kikohozi. Nasema sijambo. Habari za nyumbani? Na mdomo wangu, mdomo huu wa mama yangu na wa bibi yangu, unasema nzuri. Navuta pumzi. Ila nakushonea magauni kwa kukisia kimo chako, mwanangu, na kila moja naliona dogo kabla sijalikunja. Ila nashindwa kukuelewa na naona haya kukwambia rudia. Ila nimekufa na hamu yako. Yote yamejaa kinywani yamepanga mstari, na kengele inalia, inalia kifuani pangu.

Ni simu. Niko mkekani, au mkeka uko juu yangu, mwanga wa dirishani ni wa rangi ile isiyo ya asubuhi wala ya jioni. Nashika simu kwa mikono miwili. Ni yeye, sauti yake nyembamba, ananiuliza kwa Kiingereza, mama, hujambo, habari za nyumbani? Nzuri, nasema. Navuta pumzi. Vizuri, anasema yeye, kwa furaha, kama mtoto aliyetumwa akamaliza, ananiaga, na simu imekatika. Kwenye spika zilizonidondoka shingoni mwanamume wa mazoezi anasema, sasa fungua ukurasa unaofuata.

Natoka nje pekupeku. Sijui kama mtihani ni kesho au umekwisha pita nikiwa nimelala, sijui hata hii lami mbele ya mlango ilimwagwa lini. Jirani yangu Mama Hiza yuko kwenye kamba anaanua nguo, amenipa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Nasogea lakini siendi upande wa mbele, naogopa nitakachokiona. Amesikia nyayo. Sikudhani, habari za mchana, anauliza, bila kugeuka.

Nzuri, nasema, ila.

Nanyamaza hapo, nashika kamba ya nguo isinitoke, namngoja aniulize, ila nini.