Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Mwaka ule vita vya Angola vilipofunga reli ya kwenda bandari ya Lobito, shaba ya Kolwezi iligeuza uso ikaelekea kusini, Zambia, na wakubwa wa stesheni wakagundua kwamba Kifaransa chao chote kinaishia mpakani. Wakatafuta karani mmoja wa kuzungumza na Ndola kwa simu. Makarani watakaokosa kazi hiyo, ilisemwa waziwazi, watahamishiwa Kasaji, kwenye ile njia ya magharibi iliyokufa, wakalinde mabehewa matupu.

Karani Muamba hakuwa na nia yoyote ya kulinda behewa tupu. Mkewe Elise alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshafika mbele ya kila kitu, na Kasaji maana yake ni kumwacha azae peke yake. Basi kazi ya simu ni yake, alikwisha kuamua. Alikuwa mtu wa kujiamini, kusema kwa upole. Wenzake walisema vingine. Kiingereza cha kusalimia na kuhesabu alikuwa nacho tangu shule ya wamisionari. Kilichomshinda kilikuwa kineno kimoja kifupi, if.

Na kazi ya reli ni if mwanzo mpaka mwisho. Treni ikichelewa, tufanye nini. Injini ingekuwepo, tungepakia leo. Tungalijua jana, tusingalituma. Kule Dilala, mtaa wa Kolwezi walikoishi, "kama" moja ilibeba mizigo hiyo yote, na Muamba alikipakia Kiingereza vivyo hivyo, mpaka jambo lililokwisha kupita na lile la kuwazia tu yakawa behewa moja.

Mtaa mzima, aliyekijua Kiingereza barabara alikuwa mtu mmoja, na yuko jikoni kwa Muamba mwenyewe. Mama Ernestine, mamake Elise, alikulia Luanshya baba yake alipokuwa akifanya kazi mgodini, akasoma huko huko. Sasa alikuwa amekuja kumsaidia binti yake uzazi. Lakini alikuwa mama mkwe, na wao ni watu wa mkoa wa Kasai. Mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hasemi naye ana kwa ana. Mama akitoka uani, Muamba anaingia ndani. Muamba akitoka, mama anajifungia jikoni, kile kijumba cha matofali nyuma ya nyumba.

Elise ndiye aliyechoka na mchezo huo.

"Mama atakufundisha, lakini atabakia mu jikoni," akasema. "Weye utakaa inje, mugongo ku ukuta, unaangalia barabara. Nani atasema mulivunja heshima?"

Muamba akaleta kigoda. Kisha sauti ikatoka kwenye kidirisha cha jikoni, nyororo, haisemi naye hata kidogo.

"Sufuria," ilisema, "ambia ule mutu wa inje, tunaanza na bitu byenye binaweza kufika kweli. Mvula. Njaa. Treni."

Ndivyo masomo yalivyokwenda, kila jioni akitoka kazini. Mama alimfundisha sufuria, na Muamba akamjibu ukuta. Akikosea, mwiko uligongwa ukingoni mwa sufuria, naye akarudia. Siku walipofika kwenye if ya kuwazia, Mama Ernestine alisema kwa Kiingereza safi kwamba kama mtu fulani angekuwa na akili, angeleta makaa kabla ya mvua. Muamba akafikiri, akapanga maneno yake, akamjibu ukuta kwamba kama sufuria fulani ingepunguza maneno, maharage yangekuwa yameiva. Akangoja mwiko ugongwe. Halafu akasikia kicheko, cha chini, cha mwanamke mzima aliyejiziba mdomo kwa kitenge. Tangu aoe hakuwahi kusikia mama mkwe akicheka, na alifurahi kuliko siku aliyopandishwa cheo.

Siku ya mtihani wa kazi ya simu alikwenda stesheni amevaa abakosi, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Mezani walikaa mkuu wa stesheni, Tata Ngeleka, na mgeni kutoka Ndola, Bwana Mulenga, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Salamu zilikwenda vizuri. Kisha Mulenga akauliza kwa Kiingereza: kama injini ingeharibika huko Sakania usiku, ungefanya nini?

Kusikia if tu, mwili wa Muamba ukafanya ulivyozoea. Alinyanyuka, akageuza kiti, akawapa mgongo wakubwa wote wawili, akakaa akitazama mlangoni. Akaanza kujibu.

"Citoyen Muamba," Ngeleka alisema, uso umemwiva, "unatupatia mugongo? Inuka, utoke."

Hapo ndipo Muamba alipojiona alivyokaa. Kasaji ilimjia mbele ya macho, na behewa lake. Lakini hakuomba radhi. Aliona kwamba akigeuka Kiingereza chote kitamtoka, basi akabaki vile vile, akasema kwa Kiingereza, akiutazama mlango: "Mwalimu wangu ni mama mkwe wangu. Kama ningalimtazama, nisingalijifunza kitu."

Mulenga akaweka kalamu chini.

"Hata kwetu Wabemba," akasema, "mama mkwe akipita, mimi huingia majanini." Kisha akamgeukia Ngeleka, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Muache. Wale wengine wote walinitazama mdomo. Kazi ni ya simu, bwana. Kwa simu nani anaona nani?"

Akamuuliza maswali mengine, ya treni zitakazochelewa, za kuwazia na zilizochelewa zamani, na Muamba akayajibu yote akiutazama mlango, raha mustarehe, kama yuko uani kwake. Alipotoka, kazi ilikuwa yake.

Nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza mgongo. Akasema kwa Kiingereza, polepole, asikosee hata neno: "Kama usingalikuwepo, ningalipelekwa Kasaji. Nisingalimwona mtoto wangu akizaliwa."

Mwiko haukugonga. Muamba akaogopa amevuka mpaka.

"Sufuria," sauti ikasema mwishowe, na haikuwa nyororo tena, ilikuwa ikitetemeka. "Kama ule mutu angekuwa mutoto wangu wa kuzaa, ningetoka sasa hivi nimukumbatie."

Muamba akainamisha kichwa. Alitamani kugeuka, na hakugeuka.

Mlango wa jikoni ukalia. Elise alitoka, tumbo mbele, macho yamelowa, akainama kwa shida na kumzungushia mumewe mikono yote miwili. Alimshika kwa nguvu, muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Hii haiko ya mi," akamnong'oneza. "Ni ya mama. Alinituma."