Kalamu ya Kuolewa Nayo

Maji yalikuwa yamechemka kitambo, lakini Bhoke hakuepua sufuria. Ndani yake bomba la sindano, lile la kioo, lilikuwa likigongagonga. Kaka yake, Nchagwa, alisimama mlangoni mwa jiko, na Bhoke hakupenda kujidunga mbele ya mtu.

"Endelea tu," Nchagwa alisema. "Kwani mimi ni mgeni?"

Bhoke akageukia ukuta, akavuta dawa kutoka kwenye chupa ndogo, akainua gauni kidogo na kujidunga pajani. Kisha akairudisha chupa ndani ya chungu cha maji, pembeni penye giza, isije ikaharibiwa na joto. Hivyo ndivyo siku yake ilivyoanza tangu alipoanguka darasani akiwa darasa la sita, akabebwa kwa machela, wakaambiwa ni ugonjwa wa sukari. Shule iliishia hapo. Watu waliambiwa alikuwa na malaria.

"Sasa hii sufuria yako," Nchagwa alisema, "utaichemshia wapi kwa watu? Mama mkwe atauliza, huyu msichana anapika nini asubuhi yote na hatuoni mboga?"

Alicheka peke yake. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu cha buluu, chembamba, chenye kifuniko na kibanio.

"Shika. Kalamu ya sukari. Nimeifuata Homa Bay kwa Okari, yule wa duka la dawa. Hakuna kuchemsha, hakuna chupa. Dawa iko ndani kama wino. Unazungusha hapa nyuma, kak, kak, kak, unajidunga, unarudisha mfukoni. Hata Cliff akikuona atadhani umeolewa ukiwa karani."

Bhoke hakuishika. Aliifuta mikono yake kwenye gauni, akaifuta tena.

Cliff alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto, mkulima wa tumbaku, mtu mpole. Watu wake walikuwa wamekwisha kukubali kutoa ng'ombe. Na ng'ombe hao walikuwa wa Nchagwa. Nyumbani kwao kila mvulana alifungwa pamoja na dada mmoja tangu utotoni: ng'ombe wa dada ndio wangemwolea kaka mke. Nchagwa alifungwa pamoja na Bhoke, mgonjwa. Na sasa mchumba wake, Eucabeth, alikuwa na mimba ambayo khanga haikuweza kuificha tena, na baba yake Eucabeth alikuwa ameapa kwamba bila ng'ombe binti yake hatoki.

Hakuna mtu ambaye angetoa ng'ombe kwa msichana wa sindano.

Siku ya kliniki Bhoke aliikunja ile kalamu kwenye leso, akaenda kumwonyesha Rispa, nesi wa misheni. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua za El Nino, ikabidi apite mashambani. Alingoja hadi wagonjwa wote wakatoka, ndipo akaifungua leso.

Rispa aliigeuzageuza kalamu kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyathina, mwanangu, hii ni nzuri. Nisikudanganye. Haiumi sana, na kipimo chake hakikosei kama kile cha macho yetu. Lakini dawa ikiisha ndani unataka rifili, na mimi sina rifili. Nina chupa tu, na hizo pia siku hizi zinakuja nusu. Zinapotelea njiani, halafu mtu anakwenda Homa Bay anazikuta zimepangwa kwenye friji ya huyohuyo Okari."

"Nikichukua dawa ya chupa niitie ndani ya kalamu?"

"Usithubutu. Kaa na bomba lako. Chupa yangu ukiikosa leo, nitakutafutia kesho. Rifili nitakutafutia wapi?" Akamrudishia. "Si umwambie huyo bwana ukweli tu?"

Bhoke alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nikimwambia hatakuwa bwana."

"Na usipomwambia?"

Bhoke aliikunja tena kalamu kwenye leso. Hakuwa mtu wa kujibu watu. Lakini njiani kurudi alilirudia kimoyomoyo jibu la kuwapa nyumbani, akilifupisha kila mara, hadi likabaki maneno machache ambayo hata yeye angeweza kuyatamka.

Aliwakuta baba yake, baba yake mdogo na Nchagwa wamekaa uani. Mama yake alikuwa akichambua maharagwe. Bhoke alipiga magoti mbali kidogo.

"Tata, naomba nibaki na chupa."

Alidhani baba yake angefoka. Hakufoka.

"Baki nayo, mwanangu," alisema. "Nani amekukataza? Baki nayo hapahapa nyumbani hadi mvi zikuote. Ila nenda wewe mwenyewe kwa baba yake Eucabeth. Mwambie kwa mdomo wako kwamba mjukuu wake atazaliwa bila baba kwa sababu wewe unapenda chupa."

Baba mdogo aliguna kwa kuridhika. Mama hakuinua kichwa, ila mikono yake ikaacha kuchambua.

"Rifili nitaleta mimi," Nchagwa alisema haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila ikikaribia kuisha, utaniona. Nikikosa niite mbwa, Bhoke. Mbele ya hawa wazee, niite mbwa."

Wote walikuwa wakimtazama. Kutazamwa na watu wengi kulimchoma Bhoke kuliko sindano. Angesema lolote ili waangalie kwingine.

"Sawa," alisema.

"Amekubali!" baba mdogo akapiga paja. "Msichana mwenye akili."

Jioni hiyo baba yake alichukua bomba la kioo na sufuria yake akavitumbukiza chooni. Vitu vya ugonjwa, alisema, haviendi harusini.

Ng'ombe walifika asubuhi, wakanyweshwa maji, wazee wakawakagua pembe na kwato. Kabla ya jua kutua walikuwa wameswagwa tena, wakielekea kwa kina Eucabeth.

Cliff hakuwa mume mbaya. Alimletea mafuta ya kupaka, akamwita mwalimu kwa sababu ya kalamu iliyobanwa kifuani mwa gauni lake. Lakini mke mgeni hatoki nje ya boma bila ruhusa ya mama mkwe, na ruhusa ya kwenda kliniki ingetaka sababu. Nchagwa alikuja mara ya kwanza na rifili ndani ya kopo la majani ya chai. Mara ya pili alikuja amechelewa, na haraka haraka. Kisha hakuja. Nyumbani walisema mtoto wake ana homa. Walisema Nchagwa yuko kwenye tanuri la tumbaku, hawezi kuacha moto.

Bhoke akaanza kupunguza dawa. Kak moja pungufu, kisha nyingine. Kiu ikamjia, kiu isiyokatwa na mtungi mzima. Akaanza kukonda mikono.

"Anakunywa kisima chote huyu," mama mkwe aliwaambia majirani huku akicheka. "Mtoto wa kiume huyo, nawaambia!"

Mama yake alipokuja kumsalimia, Bhoke alimsindikiza hadi kwenye ua wa miti.

"Mama, nirudi nyumbani."

"Urudi na nini?" Mama yake alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa wakiwatazama kutoka uani. "Ukirudi, ng'ombe wanadaiwa. Wako wapi? Baba yake Eucabeth amekwisha kumwolea mwanawe. Turudishe mke wa nani, Bhoke? Wake wangapi wafukuzwe?"

Akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaondoka.

Asubuhi moja Bhoke alitoka nyuma ya nyumba akakuta sisimizi. Walikuwa wametoka chini ya ua, mstari mmoja mweusi, hadi pale alipochutama kukojoa usiku, aliposhindwa kufika chooni. Walijazana kwenye udongo wenye unyevu wakipandana migongoni. Akakimbilia jikoni, akachota majivu, akayamwaga juu yao na kuyasawazisha kwa mguu.

Mama mkwe akaja na ufagio wake.

"Nani amemwaga soda hapa?"

Wifi zake wakaangua kicheko. "Soda, mama? Kwenye boma hili nani ana soda?"

"Basi kuna kitu kitamu. Sisimizi si wajinga." Mama mkwe akainama, akapekua majivu kwa ncha ya ufagio, mara huku, mara kule. "Bhoke, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Njoo tutafute kinatoka wapi."

Bhoke akaja. Akachutama karibu naye, bega kwa bega, akaanza kutafuta, huku sisimizi wakichomoza mmoja mmoja kutoka kwenye majivu, migongo yao myeupe.