Ukurasa wa Mwisho wa *Mbali na Jua*

Nahodha alikuja kwangu na mkebe wa biskuti na tabasamu pana, nikajua ana shida. Mtu yule hajawahi kunitembelea bure. Alikaa kwenye kochi, akayasifu mapazia, akaulizia hali ya magoti yangu, kisha macho yakamwenda kwenye kona ambako mashine ya kurudufu imekaa, imefunikwa shuka.

"Bado inafanya kazi, dada?"

"Kuliko mimi na wewe."

Akafurahi kama mtoto. Jarida letu la hadithi za anga, *Mbali na Jua*, lilikuwa linaandaliwa sherehe ya kumbukumbu. Ukumbi umepatikana, wageni wamealikwa, na yeye, ambaye siku hizi ni mkurugenzi wa shirika lenye viyoyozi mpaka chooni, ameandika historia ya jarida. Alitaka toleo maalumu kwa mtindo wetu wa zamani: stensili, wino unaochafua vidole, pini ubavuni. Nani mwingine wa kulichapa kama si mimi?

"Na ukurasa wa mwisho uandike wewe," akasema. "Usinionyeshe! Kanuni ni kanuni. Nitausoma mwenyewe jukwaani."

"Niachie mimi," nikamjibu, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Historia yake ilianza hivi: "Nililianzisha jarida hili peke yangu, chumbani kwangu, kwa kiu ya kuzijua nyota." Niliisoma nimesimama, maana nikikasirika siwezi kukaa. Chumba kile kilikuwa cha kaka yangu. Kaka alikuwa fundi redio. Meza yake ilijaa spika zilizopasuka na waya, na jarida lilizaliwa katikati ya takataka hizo. Mashine aliitoa yeye, ikiwa mbovu, katika ofisi ya mawakili nilikokuwa nachapa, akaitengeneza kwa mikono yake. Vyombo vya anga alivichora yeye, kwa sindano butu juu ya stensili, huku amebana pumzi asije akaichana. Nahodha wakati huo alikuwa mwalimu kijana mwenye sauti nzuri na viatu vya kuazima. Alikuja kutengenezewa redio, akaiona michoro, hakuondoka tena. Katika historia yake yote kaka yangu ametajwa mara moja tu: "kijana mmoja aliyetusaidia kuzungusha mpini."

Kuzungusha mpini! Nilitamani kumzungusha yeye.

Lakini nieleze kwanza kanuni zetu, msije mkaniona mwendawazimu. Ukurasa wa mwisho wa kila toleo ulikuwa na hadithi isiyokwisha, safari ya chombo cha anga ambacho mabaharia wake ni sisi wenyewe kwa majina yetu ya utani. Mwalimu alikuwa Nahodha, na jina likamganda. Kaka alikuwa Fundi Mitambo. Nesi mmoja mcheshi alikuwa Sindano, na mshona suti mwenye sauti ya kutisha tulimwita Honi. Mwanachama akichelewesha kazi yake, aliuawa hadithini. Aliliwa na mdudu wa sayari ya barafu, au alisahauliwa nje ya mlango. Tangu hapo wote walimwita marehemu, na marehemu haandiki jaridani wala hasemi mkutanoni mpaka yule aliyemuua amfufue. Ukurasa ulisomwa kwa sauti mbele ya wanachama, na kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuuona isipokuwa mwandishi na mpiga chapa. Msomaji akikwama, wote wanaendelea kwa pamoja. Kanuni zote hizo alizitunga Nahodha, na alizilinda kuliko mshahara wake.

Tulicheka sana na mauaji yale, mpaka kaka alipolazwa.

Yalikuwa mapafu. Jarida lilisubiri michoro na yeye hawezi kushika hata kijiko. Mimi nilikuwa hospitali nikimuuguza, kwa hiyo Nahodha alijichapia mwenyewe, makosa kila mstari. Akaandika kwamba Fundi Mitambo alisinzia zamu, akavutwa nje na tundu la chombo, na kwamba kuanzia sasa mhariri ni Nahodha, kiti ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha kaka. Kaka alisoma kifo chake kitandani. Akatabasamu kidogo.

"Mwambie anifufue," akaniambia. "Nikipata nafuu nitachora."

Nilimfuata Nahodha shuleni, nikamkuta anasahihisha mitihani.

"Mfufue, mwalimu. Mistari miwili tu inatosha."

Hakuinua hata kichwa. "Alete michoro, dada. Kanuni ni kanuni."

Kila toleo lilipotoka kaka aliuliza, "Nimefufuka?" Nami nikamwambia bado. Alikufa akiwa tayari marehemu. Baada ya mazishi niliibeba mashine nikaondoka nayo, na jarida likaishia hapo. Nahodha ameandika kwamba liliuawa na uhaba wa karatasi. Chuki yangu sikuimwaga. Niliiweka kiporo, nikawa naipasha moto kila nilipomwona kwenye magazeti akikata utepe.

Basi nikachapa. Historia yake niliichapa kama alivyoiandika, sikugusa hata nukta. Kisha nikaweka stensili mpya, nikaandika ukurasa wa mwisho huku naimba.

Ukumbi ulijaa, na kila aliyeingia, Nahodha naye, nilimpa nakala mlangoni. Wafanyakazi wa Nahodha walikaa mbele, wamevaa fulana zenye sura yake. Wazee wetu walikaa nyuma, Honi na mkongojo wake, Sindano na miwani minene, kila mmoja na nakala yake mkononi, wakiunusa wino kama wamekutana na ndugu. Nahodha alipanda jukwaani, akasogeza maikrofoni, akafungua ukurasa wa mwisho na kusoma kwa ile sauti yake nzuri.

"Chombo kilikuwa kimya. Nahodha alishuka mpaka chumba cha mitambo, akasema: Fundi Mitambo, nilikuua kwa uonevu. Inuka."

Sauti ilimtetemeka kidogo. Watu wakadhani ni hisia.

"Amefufuka!" Sindano akapiga kelele. "Amemfufua kwa kinywa chake!" Wazee wakapiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Nahodha akainama kupokea sifa, akaendelea.

"Fundi Mitambo alifumbua macho, akauliza: Nani aliyekijenga chombo hiki?"

Hapo akauona mstari unaofuata. Akakohoa. Akanywa maji. Akageuza karatasi, lakini nyuma yake kulikuwa kutupu.

"Amekwama!" Honi akanguruma, na wazee wakaendelea kwa pamoja, kama zamani:

"Nahodha akajibu: Ni wewe. Chumba kilikuwa chako, mashine ilikuwa yako, michoro ilikuwa yako. Mimi nilikuja kutengenezewa redio. Nikakuua ukiwa mgonjwa ili nikalie kiti chako. Ndipo Fundi Mitambo akaufungua mlango wa nje, akamtoa Nahodha bila helmeti."

Kufikia mstari wa mwisho hata vijana wenye fulana walikuwa wanasoma. Walidhani ni sehemu ya burudani.

"Ndugu wageni," Nahodha akaanza, "napenda kufafanua..."

"Marehemu hasemi!" wazee wakamkatiza.

Alijaribu tena. Sasa ukumbi mzima ulimjibu, vijana kwa vicheko, wazee bila kucheka. Akashuka ngazi taratibu, uso umemsawijika. Hotuba yake ya shukrani ilibaki mfukoni, na Honi ndiye aliyepanda kueleza kaka yangu alikuwa nani.

Nahodha alinifuata nilipokuwa nakusanya nakala zilizobaki. Mikono ilikuwa imemchafuka wino.

"Dada, umenimaliza mbele ya watu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wananiita marehemu mpaka mlangoni. Sema neno moja, nifufue. Nitaandika upya historia, nitamtaja kaka yako."

"Lete michoro," nikamwambia.

Hajawahi kuchora hata duara maishani mwake, na sasa hakuna asiyejua.